Trekta la bustani la zamani: liwashe kwanza, kulifungua baadaye

KutuSugu

Wakuu, nianze kwa kukiri. Trekta langu la kwanza nililifungua lote kwa siku moja. Asubuhi lilikuwa trekta bovu, jioni lilikuwa makopo saba ya bolti, fremu tupu, na mke wangu amesimama mlangoni akiuliza, "Na sasa?" Swali hilo lilikaa miaka minne bila jibu. Kopo moja lilimwagika, jingine likapotea, na nilipokuja kupata muda nilikuwa sikumbuki springi ipi ni ya gavana (kile kidhibiti kasi cha injini) na ipi ni ya choki. La pili nikafanya kinyume chake kabisa, likakamilika ndani ya msimu mmoja. Uzi huu ni wa hilo la pili.

Tuelewane kwanza ninachozungumzia. Sisemi zile mashine za kukatia majani za siku hizi, zenye boneti ya plastiki na giaboksi ambayo ikichoka unaitupa nzima. Nasema yale matrekta madogo ya Marekani ya miaka ya 60 na 70, yaliyoundwa kulima, kusukuma theluji na kuvuta tela, majani yakiwa kazi ya ziada. Wheel Horse za South Bend, Indiana. Bolens na Simplicity, wapinzani wawili waliotoka mji mmoja, Port Washington, Wisconsin. Cub Cadet, ambayo International Harvester waliitoa 1961 ikiwa na injini ya Kohler ya nguvu za farasi 7, na ambayo injini inasukuma gia kwa shafti kama trekta kubwa, hakuna mkanda hapo katikati. John Deere wakafuata 1963 na 110 yao. Fremu nene, ekseli ya mbele ya chuma cha kusubu, gia za chuma zinazoogelea kwenye oili. Ndiyo maana bado tunayakuta nyuma ya mabanda, mti umeota katikati ya usukani, na bado yanafufuka.

Chini ya boneti, mara nyingi utakutana na Kohler ya familia ya K. K161 na K181 ndio wadogo, halafu K241 ya farasi 10, K301 ya 12, K321 ya 14 na K341 ya 16. Silinda moja ya chuma cha kusubu, valvu ziko ubavuni mwa bloku, silinda hedi ni kifuniko tu. Pampu ya oili haina. Chini ya konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, kuna kijiko kinachochota oili na kuirusha kila krenki inapozunguka. Oili ikipungua, au ukikaa muda mrefu kwenye mteremko mkali, kijiko kinachota hewa. Konrodi ya aluminiamu inashika kwenye krenki, inakatika, na kipande kinatoka nje kwa kutoboa bloku. Nimeliona kwa macho yangu, na lilikuwa kosa langu: kijiti cha kupimia oili sikuwa nimekichomoa tangu msimu uliopita.

Sasa chuma chako kimefika nyumbani. Hamu ya kushika spana naijua. Subiri.

Chomoa plagi, mimina oili kama kijiko kimoja tunduni, lala. Kesho zungusha injini kwa mkono. Ikikubali, vizuri. Ikigoma, usikimbilie stata na usilivute kwa gari, utapinda kitu. Mimina mafuta ya kulegeza kutu. Mimi hutumia oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu. Rudi kila siku, sukuma kidogo mbele, kidogo nyuma. Pistoni ya trekta langu la pili ilichukua siku kumi na moja. Siku ya kumi nilikuwa nimeshaitukana vya kutosha.

Halafu toa lile bati linalofunika silinda na flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Watu wengi hapa huruka, na hapa ndipo panya walipojenga. Mapezi ya kupozea yakizibwa na kiota, injini itawaka vizuri kabisa, itakufurahisha robo saa, kisha itajiunguza. Kwenye langu nilitoa nyasi kavu za kujaza kofia.

Cheche. Pointi, ile swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itoke, kwenye Kohler hizi zinataka uwazi wa inchi 0.020, karibu nusu milimita. Kwa kawaida hazijafa, zimeota utando tu kwa kukaa. Zipitishe kifaili chembamba, kisha futa kwa karatasi ngumu isiyo na mafuta. Ukitaka taimingi iliyonyooka, flaiwili ina alama mbili, S na T, zinazoonekana kwenye tundu dogo. Pointi zianze kufunguka pale S inapofika katikati ya tundu. Taa ndogo ya kupimia inatosha.

Petroli: usiamini tangi la zamani hata kidogo. Ning'iniza kichupa cha petroli safi kwa mpira mpya moja kwa moja hadi kwenye kabureta. Sindano kubwa ya kabureta ifunge taratibu hadi iguse tu, kisha ifungue mizunguko kama miwili. Ukiikaza kwa nguvu ncha yake inaingia mkunjo na hutaitegesha vizuri tena maishani. Weka oili mpya, SAE 30 ya kawaida. Washa.

Likinguruma dakika tano tu tayari unajua moshi ni wa rangi gani, gia zipi zinaingia, klachi inashika au inateleza, nini kinavuja. Andika kwenye daftari. Sasa fungua, ila kiungo kimoja kimoja, na usiguse cha pili kabla cha kwanza hakijarudi mahali pake. Trekta liweze kutembea kila jioni unapofunga mlango wa karakana.

Suala la rangi nimeliacha makusudi. Najua tutagombana.

PlagiMoja

Asante mkuu, umenikuta nyundo mkononi. Nimepata Wheel Horse, nyekundu yake sasa hivi ni pinki. Injini inazunguka, lakini usukani hautoki. Nimeugonga kutoka chini hadi jirani akaja kuuliza kama kuna ugomvi.

MzeeSpana

Mwanangu, weka hiyo nyundo chini. Kila pigo unalopiga linaenda kwenye bushi na gia ya usukani, wala kutu haisikii.

PlagiMoja

Shikamoo mzee. Nimeiweka.

MzeeSpana

Marahaba. Angalia kwanza shingo ya usukani. Kwenye modeli nyingi kuna pini ya springi imepita katikati ya shingo na shafti. Wengine huhangaika wiki nzima pini ikiwa bado imo ndani. Ikiwa umeitoa, au imekatika na nusu imebaki humo, itoboe ulipoiona kwa drili, anza na ncha ndogo. Kisha mafuta ya kulegeza juu na chini, na muda. Mimi naweka asubuhi na jioni, kama dozi.

Baada ya siku tatu funga kivutio cha puli, kikaze hadi kilalamike, halafu uache hivyo hivyo usiku kucha. Asubuhi pasha shingo kwa hewa ya moto, si tochi, maana plastiki ya usukani itayeyuka. Usukani wenyewe uzungushie kitambaa chenye maji. Gonga shingo kwa pembeni, pigo dogo. Mara nyingi unasikia "tak" moja, basi.

Ukishindwa kabisa ndipo watu hukata shafti. Nimewahi kukata moja mwaka wa haraka zangu. Bado inaniuma.

RingiTatu

Nadandia hapo hapo wakuu. Nina K301. Nimepima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) kwa geji nikapata kidogo mno, hata haifiki nusu ya niliyotarajia. Fundi mmoja kaniambia ringi zimekwisha, nishushe injini. Ila ikiwaka haina moshi na inavuta vizuri. Nimwamini nani, geji au moshi?

KutuSugu

Moshi. Injini yako ina kifaa cha kupunguza kompresheni kwenye kemshafti. Wakati stata inazungusha polepole, kifaa kinaishikilia valvu ya ekzosi wazi kidogo ili injini iwe nyepesi kuwasha. Ikishashika kasi kinajitoa chenyewe. Kwa hiyo geji ya kompresheni kwenye Kohler hizi inakupimia uvujaji uliowekwa makusudi na waliounda injini. Kuna watu wameshusha injini nzima kwa sababu ya geji hiyo.

Jaribio la bure: zungusha flaiwili kinyume cha mzunguko wake kwa mkono, kwa nguvu, hadi pistoni ikutane na kompresheni. Ikikurudishia mkono kama springi, ringi na valvu bado zimo. Ukitaka uhakika, azima kifaa cha kupima uvujaji, kile cha kuingiza hewa pistoni ikiwa juu na valvu zote zimefungwa. Kisha sikiliza. Hewa ikitoka ekzosi ni valvu ya ekzosi, ikitoka kabureta ni valvu ya kuingiza, ikitoka kwenye shimo la oili hapo ndipo tuzungumze habari za ringi.

MzeeSpana

Naongezea jambo kwa huyu wa K301. Ikitokea siku umeifungua kweli, chungulia kama ndani kuna gia mbili ndogo za kusawazisha mtikisiko. Nyingi za kuanzia K241 hadi K341 zinazo. Beringi na pini zake zikichoka, gia inachomoka ndani ya injini inayozunguka, na hapo bloku ni ya kutupa. Wengi wetu tukizikuta hatuzirudishi. Injini itatikisika zaidi kidogo, fremu ile inahimili. Wapo wanaozitetea, najua, na wanayo hoja kwamba kiwanda hakikuziweka kwa mapambo. Mimi yangu nimezitoa zote.

Gavana nayo msiichezee. Injini hizi mwisho wake ni mizunguko 3,600 kwa dakika. Kijana anafunga waya kwenye gavana ili trekta likimbie, anafurahi mchana mmoja.

DadaMsasa

Nimesoma yote kimya nikisubiri rangi. Mnaoacha kutu na kuiita "historia" mnanishangaza. Sahani inayobeba betri ikioza hadi unaona ardhi, hiyo ni historia ya nini? Tindikali na unyevu vinaendelea kula usiku na mchana, hata ukiliegesha ndani.

Mimi hupaka. Nasafisha hadi chuma, praima, kisha rangi ya enameli yenye kigumishi, koti nyembamba nyingi kuliko moja nene. Na nisikilizeni kwenye hili: rangi za miaka hiyo zinaweza kuwa na risasi ndani yake, na vitambaa vya breki na klachi za zamani vinaweza kuwa na asbesto. Msipige msasa mkavu. Tumieni msasa wa maji, barakoa ya vichungi halisi badala ya kitambaa, na vumbi la breki msilipulize kwa kompresa. Lilowesheni mlifute. Watoto wasiwepo hapo.

KutuSugu

Dada, sahani ya betri nakubali, choma kipande kipya na upake. Boneti ndiyo ninayoitetea. Yenye rangi yake ya kwanza, hata ikiwa imefifia, na herufi za kiwandani bado zinasomeka, ukishaipiga msasa hairudi tena. Herufi za kunakili zinapatikana na nyingine ni nzuri sana, lakini mkwaruzo ule alioacha mwenye trekta wa kwanza kwenye paja la fenda kwa kupanda miaka ishirini hauuzwi popote. Mimi naosha, nasugua kwa nta, napaka mafuta ya kitani pale penye kutu ya juu juu. Fremu na rimu nazipaka rangi.

DadaMsasa

Na hizo za John Deere zilizotoka 1969 na miili myeupe, boneti na viti vya rangi ya chungwa, bluu, nyekundu au njano? Zile za Patio. Wanunuzi wa wakati ule hawakuzipenda, wengi walitaka kijani chao. Kuna waliozipaka kijani baadaye. Ukiipata moja ya hizo utaiacha kijani kwa sababu ndiyo rangi uliyoikuta?

KutuSugu

Hapo umenibana.

DadaMsasa

Ninaandika tarehe ya leo ukutani.

Nimalizie la rangi kwa jambo linalowakuta wapya. Mtu anapaka kila kitu, kinang'aa, anarudisha waya, anageuza ufunguo, kimya. Anabadilisha betri, kimya. Anabadilisha stata. Kumbe umeme unarudi betri kupitia fremu, na pale waya wa hasi unapofungwa amepaka koti tatu. Kwangua rangi chini ya kila nati ya waya wa hasi, chini ya stata na chini ya injini inapokaa, paka grisi kidogo, kisha kaza. Nimepokea simu za usiku kwa sababu ya hili.

BoltiKumi

Mimi kwa kutu natumia ndoo, maji, magadi ya kufulia na chaja ya betri. Inafanya kazi kama uchawi. Swali, naweza kutumia kipande cha sinki la chuma kisichoshika kutu upande wa pili? Nimeona hakiliki haraka.

MzeeSpana

Hapana. Tena hapana. Chuma kisichoshika kutu kina kromu, na umeme ule unaitoa kwenye maji ikiwa sumu ya hatari, utaishika kwa mikono na kuimwaga ardhini. Tumia chuma cha kawaida cha kutupa, kikiliwa unaweka kingine. Waya hasi uwe kwenye kitu unachosafisha, chanya kwenye cha kutupa. Ukigeuza, asubuhi utakuta kitu chako ndicho kilicholiwa. Aluminiamu isiingie kabisa, magadi yanaila. Kabureta basi haihusiki. Na ufanyie nje: mapovu yale ni haidrojeni, hayapendi sigara. Zima chaja kabla ya kuchomoa waya, cheche moja inatosha.

Chaja nyingine za kisasa zinakataa kuwaka zisipohisi betri. Tafuta ile nzito ya zamani yenye mshale.

RingiTatu

Nimerudi. Nimezungusha flaiwili kinyume, imenirudishia mkono hadi kiwiko. Injini haishuki. Asanteni sana. Ila nimebadilisha katauti, kile kifaa kinachodhibiti chaji ya betri, na sasa haichaji. Ni lile jenereta ambalo pia ndilo stata.

KutuSugu

Kile chombo ni kimoja kinachofanya kazi mbili. Kinazungusha injini kwa mkanda, na injini ikishawaka injini ndiyo inayokizungusha. Ukibadilisha katauti lazima ukikumbushe upande upi ni chanya. Injini ikiwa imezimwa na waya zote zimefungwa, chukua kipande cha waya ugusishe kati ya BAT na GEN kwenye katauti kwa sekunde moja tu, utaona cheche ndogo. Kisha washa upime.

Angalia na mkanda pia. Ukilegea, stata inazunguka lakini injini haiendi, na kila mtu analaumu betri.

BoltiKumi

Hapo kwenye mikanda, nilifunga wa gari kwenye deki ya kukatia. Ulidumu mchana mmoja na harufu ikakaa wiki.

MzeeSpana

Mikanda ya matrekta haya inateleza na kushika kama klachi, kwa hiyo huwa na nyuzi na kitambaa cha nje cha kuhimili hilo. Wa gari umeundwa kuzunguka bila kuachia. Pima upana na urefu, chukua wa mashine za bustani.

PlagiMoja

Wakuu, ripoti. Usukani umetoka! Siku ya tano, mzee, ile "tak" uliyoisema nimeisikia. Chini ya bati la flaiwili nimekuta kiota na njugu mbili, sijui za mwaka gani. Pointi nimezisafisha, cheche ya bluu. Nikaweka kichupa. Jana jioni limewaka mara ya tatu nikivuta choki. Sikupiga kelele, lakini nilikaa chini.

Kisha nikajikuta na kiherehere. Nimesafisha tangi kwa siki na mnyororo wa kutikisa humo ndani, nimelisuuza, nikalirudisha na mpira mpya na chujio. Sasa linawaka vizuri, linakwenda dakika kumi hivi, linakohoa, linazima. Nikisubiri kidogo linawaka tena. Dakika kumi nyingine, linazima. Kwa kichupa halikuwa hivyo. Nianze na koili? Nimesoma koili ikipata moto hufanya hivyo.

KutuSugu

Kabla ya koili: kichupa chako kilikuwa na kifuniko?

PlagiMoja

Hapana, kilikuwa wazi.

KutuSugu

Na tangi?

PlagiMoja

Nimelifunga kwa kifuniko chake kile cha zamani. Nilikipaka rangi pia, kimependeza.

DadaMsasa

Jamani.

KutuSugu

Kifuniko kina kitundu cha kuingiza hewa. Petroli ikishuka bila hewa kuingia juu yake, tangi linanyonya, mtiririko unakata, kabureta inakauka. Ukisubiri hewa inapenya kidogo kidogo ndipo linakubali tena. Likianza kukohoa, usizime. Legeza kifuniko ukiwa umelikalia.

PlagiMoja

Limekohoa. Nimelegeza, limevuta pumzi kabisa, "fyuuu", na likaendelea. Sasa ni dakika arobaini linanguruma hapa nje na mimi nina sindano natoboa rangi yangu mwenyewe.

Mzee, breki zake nazikanyaga hakuna kitu. Nifungue upande upi kwanza?

MzeeSpana

Lizime kwanza, mwanangu.